ILIKUWAJE? Redio ya Mombasa, TV ya Zanzibar, Simu ya Oman: Wapare Wasiotajwa Walioleta Dunia Milimani

Kaa stendi ya Same nusu saa tu, utamuona. Anashuka kwenye basi la kutoka Dar, begi mgongoni, boksi mkononi. Begi konda anaruhusiwa kulishika. Boksi hapana. Jua la Same linamchoma utosi, wakati huko juu anakoenda, iwe Mbaga, Vudee au Mamba, kuna ukungu na watu wamevaa masweta. Ndani ya boksi kuna kitu kilichonunuliwa mbali: simu ya Dubai, spika ya Muscat au laptop ya mtumba kutoka Uingereza.

Vijana wengi wanadhani mambo ya "ukirudi niletee simu" yameanza na Instagram. Wapi! Upareni hii habari ni ya miaka na miaka. Kabla ya simu kulikuwa na TV, kabla ya TV kulikuwa na redio, na kabla ya redio kulikuwa na gramafoni la kuzungusha kwa mkono. Vyote vilifika mlimani vimebebwa na mtu. Huyo mtu hana picha kwenye kitabu cha historia na hakuna mtaa uliopewa jina lake. Ila bila yeye, bibi yako huko Usangi asingejua dunia inasema nini.

Leo tunawaongelea hao, na tunaongelea pia gharama waliyolipa, maana kuna waliopoteza mavuno ya mwaka mzima kwa kifaa kilichowaka dakika moja.

MOMBASA ILIKUWA SIO NJE

Tuanze na ramani, maana bila ramani hutaelewa. Milima ya Pare iko kama ukuta kati ya Kilimanjaro na Usambara. Upande mmoja unaangalia reli na barabara kuu ya kwenda Dar na Tanga. Upande wa pili unaangalia Mkomazi, Ziwa Jipe na Kenya. Yaani Mpare akiamka asubuhi na kuchungulia dirishani, kuna uwezekano anaiona nchi ya watu.

Zamani ya mkoloni hiyo "nchi ya watu" haikuwa na maana kubwa. Reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi ilipita Same tangu wakati wa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Waingereza wakajenga tawi la kutoka Voi kupitia Taveta, likaja kuungana na reli yetu pale Kahe. Kwa hiyo kijana wa Same angeweza kupanda treni hapa na kwenda mpaka Mombasa. Hela yenyewe ilikuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki, na iliendelea kutumika mpaka 1966 Tanzania ilipotoa shilingi yake.

Sasa vijana walikwenda kutafuta. Wengine mashamba ya mkonge Tanga, wengine bandarini Mombasa, wengine kazi za nyumbani na ofisini Nairobi. Wakirudi, swali lilikuwa lile lile la leo: umetuletea nini?

Walioshika hela walileta gramafoni na santuri. Baadaye ikaja redio. Dar es Salaam ilianza kutangaza 1951 kupitia Sauti ya Dar es Salaam. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza 1957. Mwanzoni redio zenyewe zilikuwa mabox makubwa yanayokula betri kubwa, hivyo walikuwa nazo wachache. Zilipokuja zile ndogo za transista, mwishoni mwa miaka ya 50 na kuendelea, mambo yakabadilika. Mtu mmoja anaweka redio kibarazani, watu ishirini wanasikiliza. Kimya. Mtoto akilia anaondolewa.

Fikiria hadhi ya huyo mwenye redio. Mwalimu anakuja kwake. Shehe anakuja kwake. Mchungaji anakuja kwake. Habari za uhuru, bei ya kahawa, vifo, mpira, vyote vinapita sebuleni kwake. Na kumbuka alitakiwa pia kulipia leseni ya redio. Ndiyo, kulikuwa na leseni ya kumiliki redio!

KESI YA KUKU

Kuna utani Tanzania nzima inaujua: Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wapare wenyewe wanaucheka. Lakini nyuma ya utani kuna jambo la kweli. Hawa watu hawakubali kuonewa kimya kimya. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakakusanyika Same kwenye makao ya wilaya kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakuchoma moto mtu. Walikaa tu, wakagoma, na wanawake nao wakaingia kwenye mapambano. Mwisho wa yote kodi ile iliondolewa.

Sasa mchukue mtu wa ukoo huo, anayejua haki yake mpaka senti ya mwisho, halafu mwache anunue redio Mombasa. Anapanda treni, anafika Same, anapanda mlima kwa miguu, anawasha. Kimya. Anamshtaki nani?

Hapo ndipo kwenye shida ya kununua kitu mbali, tangu zamani mpaka leo. Duka liko upande mwingine wa dunia na risiti imeandikwa kwa lugha nyingine. Mwenye duka hakujui, na nauli ya kurudi ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Mpare anayeweza kushinda kesi ya kuku Same hana mahakama ya kumfikia muuzaji wa redio.

Na mara nyingi redio haikuwa mbovu hata! Ilikuwa nzima kabisa, ila imetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Hii sehemu isikilize vizuri.

Redio nyingi zilizouzwa Ulaya zilikuwa na masafa marefu na FM, kwa sababu ndiyo stesheni zao zilikokuwa. Huku kwetu Redio Tanzania ilikuwa inasikika masafa ya kati na masafa mafupi. FM ilikuja kushika Tanzania Bara miaka ya 90. Kwa hiyo aliyetumiwa redio nzuri ya kung'aa na rafiki yake wa Ulaya, kama haikuwa na masafa ya kati wala mafupi, alikuwa amepata pambo la kabati. Na ukiwa bondeni umezungukwa na milima, masafa mafupi ndiyo yanakuokoa, maana yanagonga angani juu yanarudi chini.

Ndiyo maana redio za kununua hapa hapa zilipendwa. Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips cha kuunganisha redio, na Dar kulikuwa na kiwanda cha Wajapani wa Matsushita kilichotoa redio na betri za National tangu miaka ya 60. Redio ya National ilikuwa imejengwa kwa ajili ya mtu wa hapa: masafa ya hapa, betri za hapa. Mpaka leo kuna wazee wakisema "Nashno" wanamaanisha redio yoyote ile.

MPAKA UNAFUNGWA

Februari 1977 mambo yakaharibika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, ndege na reli zinagombaniwa, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Taveta, ambayo jana ilikuwa soko la jirani, leo ikawa nchi ya kigeni kweli kweli. Wakenya tukawaita manyang'au. Wao wakatucheka kwamba hatuna kitu madukani.

Na kweli hatukuwa nacho. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hali ilikuwa ngumu. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, khanga za foleni. Betri za redio zikawa dhahabu. Muulize mzee yeyote wa miaka hiyo atakwambia walivyokuwa wanazianika betri juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari moja tu. Wengine waliziweka karibu na moto. Redio ipo, mtangazaji yupo, betri hakuna.

Hata ukiwa na shilingi zako mfukoni, ungefanya nini? Benki ya biashara ilikuwa moja, NBC, tangu benki zilipotaifishwa 1967. Fedha za kigeni ziligawiwa na serikali, na mwananchi wa Gonja anayetaka redio hakuwa kwenye foleni hiyo kabisa. Maduka ya serikali ya mkoa, RTC, yalileta kilichopatikana, na kilichopatikana kilikuwa kidogo.

Basi njia za porini zikawa na watu. Kahawa na mazao mengine yanakwenda, sabuni, nguo na betri vinarudi. Usiku, kwa miguu, upande wa Ziwa Jipe kuelekea Taveta. Serikali iliita magendo. Aliyebeba aliita kuhangaikia watoto. Wote walikuwa na hoja, ila mmoja wao tu alikuwa na bunduki.

Mwaka 1983 ndiyo ulikuwa wa hatari zaidi. Edward Sokoine aliporudi kuwa Waziri Mkuu Februari mwaka huo, ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikapitishwa. Nchi nzima watu waliingiwa na hofu. Mali zilifukiwa na kutupwa maporini usiku. Mwenye vitu vya nje alitakiwa aeleze kavipataje.

Jiweke kwenye viatu vya mtu mmoja wa mlimani miaka hiyo. Ana redio kaseti aliyonunua kwa hela ya kahawa, kupitia kwa ndugu aliyeko Kenya. Haina risiti ya RTC. Yeye sio tajiri na hana ghala. Ana redio kaseti moja na mkanda mmoja wa kwaya. Je, yeye ni mhujumu uchumi? Hakuna aliyekuwa na uhakika, na huko kutokuwa na uhakika ndiko kulikoumiza. Unawasha kwa sauti ya chini, unamtuma mtoto akachungulie njiani. Kitu ulichokitafuta ili majirani wakisikie, unakificha majirani wasikisikie.

Novemba 1983 mpaka ukafunguliwa tena. Sokoine akafariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Nchi ikabaki inajiuliza, tunaelekea wapi?

MPARE MMOJA ANAFUNGUA MLANGO

Hapa kuna kitu vijana wengi hawakijui. Juni 1984, Waziri wa Fedha aliyesoma bajeti alikuwa Cleopa Msuya. Mpare wa Usangi! Huyu aliwahi kuwa Waziri Mkuu kabla ya Sokoine, akaja kuwa tena miaka ya 90, na alifariki Mei 2025.

Bajeti ile ilileta kitu kimoja kikubwa. Mtu mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na hakuulizwa sana hizo fedha kazitoa wapi. Basi. Sentensi moja ya namna hiyo ilibadilisha maisha kuliko hotuba mia. Maana fedha zilikuwepo, zilikuwa zimejificha. Mabaharia walikuwa nazo, wenye ndugu Ulaya na Arabuni walikuwa nazo, hata wale wa njia za porini walikuwa nazo.

Mwaka uliofuata akaingia Ali Hassan Mwinyi, na kila mtu anajua alivyoitwa: Mzee Ruksa. Mitumba ikaingia, redio kaseti zikaingia, na deki za video nazo zikaingia.

Vitabu vinasema uchumi ulifunguliwa na bajeti na mashirika ya fedha ya dunia. Sawa. Lakini ukiangalia kutokea mlimani, serikali ilikuwa imeruhusu tu kitu ambacho watu walikuwa tayari wanakifanya gizani. Aliyekuwa anaitwa mlanguzi akaanza kuitwa mfanyabiashara, na njia ya kwenda Taveta ikawa ile ile.

TV YA ZANZIBAR: NJE ILIYOKO NDANI

Sasa tuje kwenye TV, maana hapa ndo kuna vichekesho vya kweli.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, ikiwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994, zilipoanza stesheni binafsi kama CTN na ITV. Ile ya serikali, TVT, ilikuja baadaye zaidi. Karibu miaka 20 nchi moja, rais mmoja, upande mmoja wanaangalia picha ya rangi, upande wa pili hakuna kitu. Mwalimu Nyerere aliona televisheni ni anasa ya wachache wakati wengi hawana maji wala zahanati. Unaweza kukubaliana naye au kumkatalia, ila hoja yake ilikuwa hiyo.

Kwa hiyo mtu wa Bara aliyetaka TV alikuwa ananunua kifaa kisicho na stesheni. Anakitumia na deki ya video, kuangalia picha za Kihindi na kung fu. Wale wa mikoa ya kaskazini, kama antena yao ilikuwa ndefu na mlima umewakubali, waliweza kunasa televisheni ya Kenya. Mlingoti wa mianzi, mtoto juu anazungusha antena, baba ndani anapiga kelele, "Hapo hapo! Rudisha kidogo! Umepitiliza!" Yaani mlima uliokunyima barabara unakupa TV ya jirani.

Duka lilikuwa Zanzibar. Darajani ilijaa vitu kwa bei nafuu kwa sababu ushuru wa visiwani ulikuwa mdogo. Mtu anapanda meli, ananunua TV yake moja, anarudi bandari ya Dar. Pale anaambiwa alipie tofauti ya ushuru. Anashangaa, "Jamani, si nimetoka Tanzania nakuja Tanzania?" Hilo jambo lilikuja kuhesabiwa kati ya kero za Muungano na limejadiliwa miaka na miaka. Mjukuu wa watu wa mbiru, amesimama bandarini na TV yake, anadaiwa kodi ya kuhama chumba kwenda sebuleni.

Angalia kitu hapo. Mombasa ilikuwa nchi nyingine lakini babu aliona ni nyumbani. Zanzibar ni nchi yetu lakini TV yake ilihesabiwa imetoka nje. "Nje" haikai sehemu moja.

UMEME WA NANI?

Haya, TV imefika Same. Imepanda Landrova mpaka kijijini, imekaliwa na gunia la mchele, imepona. Sasa iwashwe. Kwa umeme gani?

Chini bondeni nyaya kubwa za umeme zinapita kutoka Hale kwenda Moshi. Bwawa la Nyumba ya Mungu linazalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 60. Lakini vijiji vingi vya juu vilikaa giza miaka mingi vikiangalia nyaya zinapita. Kwa hiyo suluhisho lilikuwa betri ya gari. Inachajiwa mjini, inapandishwa mlimani na basi, inaangalia mechi moja na taarifa ya habari, inashuka tena kuchajiwa. TV yenyewe ndogo ya chogo, nyeusi na nyeupe, inayokubali volti 12.

Penye umeme nako kulikuwa na mtego wake. Tanzania tunatumia volti 230. Marekani wanatumia 120. Japani wanatumia 100. Kifaa cha Marekani au Japani kisichobadilishika ukikichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa hapa, unapata mlio mmoja, harufu moja, na moshi. Basi, kwisha habari yake. Ilitakiwa transfoma ya kushusha umeme, dude zito kama jiwe, na aliyetuma kifaa mara nyingi alisahau kulituma hilo dude, kwa sababu kule alipo halihitajiki.

Picha nayo ilikuwa na mambo yake. Marekani walitumia mfumo wa NTSC, sisi na Kenya na Zanzibar tulikuwa PAL. Mkanda wa video wa harusi kutoka Marekani ukiuweka kwenye deki ya hapa, bibi harusi anatokea bila rangi, amepinda, anapanda juu kama moshi. Ndugu wamekusanyika toka vijiji vitatu kuja kuiona hiyo harusi.

Vitu vya Uarabuni havikusumbua sana. Oman na Imarati wanatumia plagi ile ile ya miguu mitatu ya Kiingereza kama sisi, umeme unaokaribiana, na TV zao zilikuwa za PAL. Ndiyo maana kifaa cha Dubai kilipata sifa mlimani ya kuwa "kinakubali". Hakukuwa na muujiza. Mwingereza alipita huko na huku akaacha soketi moja.

Hata gari la Japani lilikuja na ugonjwa wake. Redio za magari ya Kijapani zilikuwa zinaanzia 76 mpaka 90. FM ya hapa inafika mpaka 108. Kwa hiyo umenunua gari, unatoka Same kwenda Moshi, redio inanasa stesheni chache za chini halafu basi. Mpaka fundi akufungie kile kifaa kidogo cha kuhamisha masafa. Wangapi hapa mlishawahi kulipia hicho?

SIMU YA DADA WA OMAN

Sasa tumefika zama zenu.

Simu ziliposhika miaka ya 2000, kila mtu mwenye ndugu nje aliomba simu. Na mitego ikarudi na sura mpya. Baadhi ya simu za Marekani hazikuwa na hata sehemu ya kuweka laini, kwa sababu mitandao ya kule ilitumia mfumo mwingine. Nyingine zilikuwa na sehemu ya laini lakini zimefungwa kwa mtandao mmoja. Nyingine, mpaka leo, zinakuja na akaunti ya mwenyewe wa kwanza ndani, na bila neno lake la siri ni kioo cha kujitazama. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022 hazina tena sehemu ya kuchomeka laini kabisa.

Halafu usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA wakazima simu feki nchi nzima. Kabla ya hapo tuliambiwa tubonyeze *#06# tupate namba, tutume kwenda 15090, tujibiwe simu ni halali au la. Kuna watu walilala na simu wakaamka na kipande cha plastiki. Walionunua hawakujua ni feki. Muuzaji yuko mbali. Kesi ya kuku tena, na hakuna wa kumshtaki.

TV nazo zilikutwa na yao. Kuanzia usiku wa 31 Desemba 2012 Dar ilizimiwa analojia, mikoa mingine ikafuata 2013. TV iliyotoka Zanzibar kwa jasho, ikapita bandari kwa ushuru, ikapanda mlima kwa Landrova, ikabaki na chenga mpaka inunuliwe king'amuzi.

Lakini kuna mtu mmoja kwenye habari hii ambaye anastahili tumalizie naye.

Ni yule dada aliyeondoka kijijini kwenda kufanya kazi za ndani Oman. Wapo wengi, kutoka mikoa mingi ya Tanzania. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Imarati. Wengi waliohojiwa walisema pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri. Walieleza saa ndefu za kazi, mishahara iliyocheleweshwa au kukatwa, na wengine kuzuiwa kuwasiliana na nyumbani. Wapo pia wanaofanya kazi vizuri, wanalipwa, wanajenga. Ila hiyo ripoti ipo.

Sasa tuseme dada wa namna hiyo anatuma simu nyumbani. Inafika Same kwa mtu anayerudi, imefungwa ndani ya nguo. Mdogo wake anaifungua, anaiangalia, anasema, "Mbona sio Pro?"

Hajui kwamba aliyeinunua inawezekana yeye mwenyewe simu yake inashikwa na bosi. Hajui ni miezi mingapi ya kuosha vyombo vya watu. Na dada akipiga siku aliyoruhusiwa, anaulizwa, "Dada, halafu chaja yake haichaji haraka." Anajibu, "Pole mdogo wangu, nitatuma nyingine."

Hao ndio wenye historia hii. Wa redio alilipa leseni na betri. Wa magendo alilipa kwa kutembea usiku. Wa TV alilipa ushuru wa nchi yake mwenyewe. Dada analipa kwa maisha yake, na sisi tunahesabu kamera ziko ngapi.

KABLA HUJASEMA "NILETEE"

Miaka yote hii imetufundisha mambo machache, yachukue bure. Angalia nyuma ya chaja kama imeandikwa 100–240, hapo utachomeka popote duniani. Kama ni simu, uliza imefungwa au iko wazi, na akaunti ya mwenyewe imetolewa? Kama ni TV, hakikisha ina mfumo wa DVB-T2, la sivyo jiandae na king'amuzi. Omba risiti, maana bandarini na uwanja wa ndege utaulizwa. Na la mwisho, muulize kwanza anayekuletea yuko salama, anakula, analala? Simu ifuate baadaye.

Nyumbani kwenu kifaa cha kwanza kutoka mbali kilikuwa kipi, na nani alikileta? Usitaje jina kama hutaki, sema tu "mjomba", "shangazi", "jirani". Wa Usangi, Ugweno, Gonja, Suji, Chome, Hedaru, mpo? Tupia comment hapo chini. Na kama mwenyewe bado yuko hai, leo mpigie umwambie asante. Ile redio aliyoileta ilifanya kazi.